Kuvizia na Kutazamia: Juu ya Subira katika Picha za Mitaani, Kinondoni na Temeke

Madhumuni ya makala haya ni kuchungua neno moja, kisha kazi moja. Neno ni subira. Kazi ni ile ya mpiga picha asimamaye njiani, asiye na chumba wala pazia, akangojea watu wapite na jambo litokee. Wasomaji wa jarida hili wamezoea kuona humu mashairi, misamiati na lahaja zikipimwa, na huenda wakauliza picha zaingiaje mahali pa lugha. Jibu langu ni kwamba picha za mitaani zimekwisha kuanza kuhakikiwa kwa Kiswahili, darasani, maonyeshoni na magazetini, na uhakiki huo umejitwalia maneno yake pasipo mtu kuyatia katika mizani. Nimesikia mara nyingi mpiga picha akisifiwa kwa lugha ya mwindaji: ati amevizia, amenasa, amedaka. Sifa hizo hutolewa kwa nia njema. Lakini nashuku kwamba zimeletwa kutoka lugha nyingine bila ya kuulizwa kama zafaa, na kwamba zikiachwa zikae zitatuzoeza kusifu picha hafifu na kuzipita zilizo bora.

Kiswahili ni tajiri katika jambo hili la kungoja. Kungoja lenyewe ni neno la watu wote: mtu hungoja basi, hungoja zamu, hungoja mvua ikatike, na neno halimsifu wala halimlaumu. Kusubiri, ambalo asili yake ni Kiarabu, lina uzito wa dini na wa maadili; mwenye kusubiri anashinda kitu katika nafsi yake. Ndiyo maana husemwa kwamba subira yavuta heri, wala hakuna aliyesema kwamba kungoja kwavuta heri. Na kungoja kunapoingia katika methali huingia kwa kulaumiwa, kwani ngojangoja huumiza matumbo. Kuvizia ni kungoja kwa kujificha, kwa nia ya kumpata asiyejua. Kutega ni kuacha chombo kingoje badala ya mtu. Mtegaji aweza kwenda zake akalala. Kutarajia ni kungoja kwa moyo, hata pasipo dalili. Na kutazamia, neno ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotufaa kupita yote, limejengwa kwa tazama na kiambishi cha kutendea: mwenye kutazamia ameyaelekeza macho yake upande ambao jambo litatokea, naye anayo sababu ya kuamini kuwa litatokea upande huo.

Liko na kuotea, ambalo kwa maana yake ya zamani ni jirani wa kuvizia. Neno hili limepata maisha mapya uwanjani, na wataalamu wa lugha wangefanya vema kuliangalia. Mchezaji wa mpira aliyeotea ni yule aliyetangulia mbele ya wenziwe akasimama mahali ambapo mchezo haujafika, ili apate faida ambayo hakuijia pamoja na wengine. Refa humpulizia filimbi hata kama hakumgusa mtu. Sijui kama watunga sheria wa mpira wamewahi kuusaidia uhakiki wa sanaa mahali pengine, lakini hapa wametusaidia: wametupa neno la kosa la kungoja mahali pasipo pako.

Tofauti ya kuvizia na kutazamia, basi, si ya muda. Wote wawili waweza kukaa saa tatu juani. Tofauti ni kwamba aviziaye hutegemea kutojua kwa mwenziwe, na atazamiaye hutegemea kujua kwake mwenyewe. Wa kwanza lazima afichwe na kitu: ukuta, kioo cha gari, simu iliyoshikwa kana kwamba mtu anasoma ujumbe. Wa pili aweza kukaa juu ya benchi la muuza kahawa, kamera iko magotini, na kila mtu anamwona.

Nitaje sasa kitabu kilicholeta sehemu kubwa ya msamiati huu wa uwindaji ulimwenguni, maana historia ya jina lake ni funzo kwa wafasiri. Mwaka wa 1952 Mfaransa Henri Cartier-Bresson alitoa mjini Paris kitabu kiitwacho Images à la sauvette. Toleo la Kiingereza lilitoka mwaka ule ule, nalo likaitwa The Decisive Moment, jina lililotolewa katika maneno ya Kadinali de Retz yaliyowekwa mwanzoni mwa kitabu. Majina haya mawili hayasemi jambo moja. La Kiingereza lamfanya mpiga picha kuwa hakimu: wakati umefika, naye amekata shauri. La Kifaransa ni la njiani kabisa. Maneno yale hutumiwa kwa biashara ya barabarani isiyo na leseni, ambayo mwenyewe ameitandaza juu ya kitambaa huku jicho moja likimtafuta askari, tayari kukunja na kukimbia.

Hapana mkazi wa Dar es Salaam asiyemjua mtu huyo. Ni mmachinga wetu. Laiti kitabu kile kingefasiriwa kutoka Kifaransa chake na mtu aliyepata kusimama Kariakoo, kingeitwa Picha za Kimachinga, na huenda mazungumzo yetu yote juu ya sanaa hii yangechukua njia nyingine. Badala yake tumepokea ya Kiingereza, na katika mihadhara nasikia ikitamkwa wakati wa uamuzi, kana kwamba mtaa ni mahakama. Hata hivyo jina la Kifaransa nalo silikubali moja kwa moja. Mmachinga hakimbii kwa kupenda. Mwulize, atakuambia kwamba hamu yake ni kukaa mahali pamoja, apate wateja wanaomjua, akopeshe na kulipwa. Na wale walioondolewa kandokando ya barabara mwaka wa 2021 walilalamikia hasa kupotewa na wateja wa kila siku. Kukimbia ni msiba wake. Kuufanya msiba wa mtu kuwa mtindo wa sanaa kwataka tahadhari.

Nije kwenye mahali penyewe. Kinondoni na Temeke ni majina ya vitongoji na ya wilaya pia. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu, nazo ni Ilala, Kinondoni na Temeke, mpaka Ubungo ilipokatwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke katika miaka ya 2015 na 2016. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 982,328 katika Kinondoni iliyobaki na 1,346,674 katika Temeke iliyobaki, kati ya watu 5,383,728 wa mkoa mzima. Kwa mpiga picha, hesabu hizi zina maana moja tu: hatakosa watu. Kile anachoweza kukosa ni nuru, na kile ambacho hana budi kukipata ni maarifa ya nyakati.

Juu ya nuru nitasema machache. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua huwa juu ya utosi, vivuli hukusanyika chini ya nyayo, na uso wa mtu aliyevaa kofia au aliyejitanda khanga huwa shimo jeusi. Nuru njema ni ya asubuhi mpaka kama saa mbili u nusu, kisha ya alasiri tangu saa kumi. Jua huchwa baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro dakika kumi, kwa kutegemea mwezi, na baada ya kuchwa hubaki kama dakika ishirini tu za mwanga wa kufaa. Mpiga picha wa Ulaya wakati wa kiangazi hupewa jioni ndefu ya kutangatanga. Wetu hapewi. Kwa hiyo subira yake haina budi ifanywe kabla, katika kuchagua mahali, kwa kuwa wakati wenyewe ukifika hapana nafasi ya kutafuta.

Maarifa ya nyakati ni jambo lenye utajiri zaidi. Mitaa hii ina saa zake, na si zile za ukutani peke yake. Adhana ya alasiri na ya magharibi hubadili mwendo wa watu: wengine huharakisha, wengine huzifungia meza zao kwa kanga au turubai, watoto wa madrasa hutoka kwa kundi. Magari ya abiria yana saa zake. Simama Tandika, au Mbagala Rangi Tatu, au kituo chochote cha Mwananyamala jioni, uwatazame watu wanaorudi nyumbani au kwenda. Basi likiwa bado linakata kona, kundi limekwisha kusogea; tena halisogei mahali lilipo basi, lasogea mahali utakapokuwapo mlango basi likisimama. Mama mwenye mzigo amekwisha kujua atamkabidhi nani mzigo. Kijana amekwisha kulichagua dirisha. Konda hajatamka neno, mkono wake umeinuka tu ugonge bati, na watu sitini wameufahamu mkono huo.

Hawa ndio walimu wa kutazamia. Picha za watu wakipandia madirishani zimepigwa nyingi, na magazeti yamezitumia kwa miaka kuonyesha shida ya usafiri. Sina ugomvi na habari hiyo. Lakini kama sanaa picha hizo zimechelewa: zaonyesha mwisho wa jambo, miguu ikining'inia nje, na kumfanya mtu wa Mbagala aonekane kioja. Picha iliyo bora iko nyuma yake kwa nukta chache, pale kundi zima limeegemea upande mmoja kama mnazi katika upepo ilhali barabara mbele yao ingali tupu. Mpiga picha hawezi kuipata hiyo kwa wepesi wa mkono. Ataipata akiwa amekwisha kungojea basi lile siku nyingi, na labda amekwisha kulikosa.

Mfano wangu mkubwa ni dimbwi. Picha mojawapo iliyo mashuhuri kupita zote katika fani hii ilipigwa Paris mwaka wa 1932, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare. Mtu anaruka maji. Kisigino chake kimeyakaribia bila ya kuyagusa, na sura yake imo majini kama pacha wake. Cartier-Bresson aliipiga kwa kupenyeza lenzi katika ufa wa ua wa mbao, hata upande mmoja ukazibwa na ubao ikabidi ukatwe. Juu ya uzuri wake sina neno. Neno langu ni juu ya watoto wake, ambao ni wengi mno. Kila masika, tangu Machi mpaka Mei, picha ya mrukaji huzaliwa upya katika mitaa yetu. Mpiga picha hujificha pembeni ya dimbwi la Tandale au Mwananyamala, akavizia mpaka atokee kijana wa kuruka, kisha huileta kama kwamba ameleta habari za Tandale. Ameleta habari za Paris.

Dimbwi la Paris lilikuwa mgeni. Dimbwi la mitaa ya bondeni, karibu na Mto Msimbazi na vijito vyake, ni mpangaji. Hukaa majuma, nao majirani hufanya shauri lake. Hupanga matofali, mifuko ya mchanga, matairi ya zamani, ubao kama upo. Njia hiyo ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo watu hawaruki. Husimama pande mbili, wakatazamana, na hapo ndipo mtaa unapojieleza. Nani atangulie? Mzee mwenye kanzu aendaye msikitini huachiwa njia, naye akifika juu ya tofali la kwanza hupokea shikamoo kutoka ng'ambo na kuirudishia marahaba bila ya kuinua macho yake katika miguu yake. Mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani huambiwa pita mama, na mkono wa mtu asiyemjua humnyooshea pale tofali linapoyumba. Wanafunzi huambiwa wangoje, hawangoji. Kijana wa bodaboda huikata shauri kesi yake kwa kupita katikati ya maji, akawarushia wote tope, akalaaniwa na wote kwa sauti moja, na maji yakatulia tena. Mvua ikizidi hata matofali yakamezwa, hutokea vijana wa kuwavusha watu mgongoni au kwa mkokoteni, na mapatano ya bei huanza, mteja akiwa ameshikilia viatu vyake.

Hayo yote huonekana na mtu aliyekaa saa mbili, na hayaonekani kamwe na aviziaye mrukaji, kwa sababu mrukaji ni wa nadra, na kumngoja yeye ni kuwafumbia macho wote wanaopita kwa adabu. Hapa hakuna wakati mmoja wa kukata shauri. Zipo nyakati nyingi zinazofanana, kila moja ikiwa na tofauti ndogo: mkono ulionyooshwa bado haujashikwa, mguu umeinuka na jicho limeuliza, wawili wameingia njiani kutoka pande mbili kwa kosa na kila mmoja anarudi nyuma ampishe mwenziwe. Atazamiaye hujua kwamba jambo litakuja. Asichokijua ni safari hii litakuja kwa uso wa nani. Ndiyo maana nasema kwamba subira yake ni ya mtu mwenye maarifa, si ya mtu mwenye bahati.

Ufundi wa chombo nao waafikiana na adabu ya mahali, jambo lililonishangaza nilipolipima mara ya kwanza. Mpiga picha wa mitaani wa zamani, kabla ya kamera kujipimia zenyewe, aliweka umbali mapema ili asihangaike mtu akifika. Akitumia lenzi ya milimita 35, tundu likiwa f/11, na umbali ukiwekwa mita 3, kila kitu tangu karibu mita 2 mpaka zaidi ya mita 10 kitatoka wazi. Mita 3 ni nini katika mtaa wa Temeke? Ni umbali wa maamkio. Mtu akikupita kwa umbali huo nawe usimsalimu, si mgeni tu, una jambo. Aliye mbali zaidi, mwenye lenzi ndefu, ameepuka salamu, na picha yake yaonyesha kuwa ameiepuka: nyuso zimebanwa pamoja kama za watu walio nyuma ya kioo. Aliye katika mita 3 lazima aseme neno kwanza. Kamera yake imempeleka mahali ambapo lugha inamtaka aseme.

Na lugha ina mengine ya kutuambia. Twasema kupiga picha, na wako waliotaka kuona ukali katika kupiga huko. Sioni ukali. Kupiga kwetu ni kwingi, kwa pasi, kwa simu, kwa hodi, kwa magoti, na jamaa wa karibu wa kupiga picha, naamini, ni kupiga chapa. Linalonivuta zaidi ni lile tunaloambiana picha ikiisha: umetoka vizuri. Hatusemi kwamba mpiga picha amekuchukua vizuri. Mwenye sura ndiye atokaye, na kazi ya mwenye kamera ni kuwapo atokapo. Zamani za filamu tuliongeza kwamba picha husafishwa, kama kitu kilichokuwapo tayari chini ya uchafu. Mtu mwenye kusema hivi haelekei kuwa mwindaji. Ni mtu aliyesimama mlangoni akimngoja mwenye nyumba.

Katika studio za pwani subira ilikuwa mzigo wa mpigwaji. Waliokwenda kwa Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka wa 1930, au kwa Omar Said Bakor kule Lamu miaka ya baadaye, walikaa kitako wakaambiwa watulie. Njiani mzigo umehama bega: mpigwaji anaendelea na safari yake, mpiga picha ndiye anayetulia. Baina ya hao wawili alikuwapo mtu wa tatu, ambaye wahakiki wamemsahau, yaani mpiga picha wa kutembea aliyezunguka Magomeni, Keko na Chang'ombe na kamera moja na mkanda wa picha 36. Alikupiga mbele ya mlango wako, akapokea nusu ya fedha, akaenda, na baada ya siku kadhaa akarudi na picha iliyosafishwa apate nusu iliyobaki. Sanaa yake haikuwa kubwa. Watu walisimama mikono ubavuni, na aghalabu redio iliwekwa pembeni. Lakini aliwajua kwa majina, kwa kuwa alilazimika kurudi. Biashara yake ilimkataza kuvizia kuliko sheria yoyote iliyoandikwa baadaye.

Sheria zipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 yamhakikishia mtu heshima na hifadhi ya maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Hayo ni ya wanasheria. Mhakiki hana filimbi. Aweza tu kusema picha ni njema au si njema, na kwa nini.

Pingamizi la kwanza litakuja kutoka kwa wapiga picha wenyewe, nalo ni la haki. Watasema: ukionekana, watu watajipanga. Watakunjua nyuso, watainua vidole viwili, watauliza picha itatoka gazeti gani. Kweli, kwa robo ya saa ya kwanza. Kisha maji yangali palepale, basi lachelewa, mchele unangoja, na mtu mwenye kamera huanza kuwa kama nguzo. Hasahauliwi, ila huzoewa, na kuzoewa ni bora, kwa sababu mtu aliyezoewa huonyeshwa nyuso ambazo aliyejificha hazioni. Shida ya kweli ni nyingine: saa mbili za kukaa hazina mlipaji. Kijana anayeishi kwa kupiga picha za harusi na za ubatizo hawezi kuzitoa kila siku, na mhariri anayetaka picha kabla ya magharibi hazinunui. Sina dawa ya hilo, wala sitaki kujifanya kwamba subira ni bure.

Pingamizi la pili ni la habari. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapa ndipo alipoanzisha Camerapix mwaka wa 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini. Januari iliyofuata alikuwa katika habari za Mapinduzi ya Zanzibar, na mpaka kufa kwake Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Komoro, alisifiwa kwa kuwahi. Je, mtu kama huyo angesubiri maamkio? Nakubali kwamba tukio lina haraka yake, na mwenye kulifuata hawezi kulaumiwa kwa kukimbia. Lakini tazama kazi iliyompa jina kuu, picha za televisheni za njaa ya Ethiopia, kutoka Korem, mwaka wa 1984. Zilizobaki katika kumbukumbu ya walimwengu si za mwendo wa haraka. Ni za umati uliokaa chini asubuhi ukingoja, na kamera ikipita mbele yao polepole. Hata kwake, mtu wa kuwahi, penye uzito zaidi mkono ulitulia.

Nimeacha mwisho picha moja ambayo yasemekana ilianza kule kwetu. Mhungaria Martin Munkácsi aliipiga karibu na mwaka wa 1930: wavulana watatu, wameonekana kwa nyuma, wanakimbilia maji yenye povu. Cartier-Bresson aliiona mwanzoni mwa miaka ya 1930, naye alisema maisha yake yote kwamba ndiyo iliyomfungua macho na kumtia njiani na kamera. Jina lake linalojulikana zaidi lawaweka wavulana hao katika Ziwa Tanganyika. Wachunguzi wengine huwaweka Liberia, upande wa pili wa bara hili. Picha iliyomzaa bingwa wa fani nzima, basi, haina mahali palipokubaliwa, na wavulana wake hawana majina. Wasomi wamelinganisha safari za mpiga picha na tarehe za magazeti wapate kukata neno. Swali lenyewe lingekwisha siku ile ile, pale pale ufuoni, kama mtu angalingoja watoto watoke majini akawauliza wanaitwaje na kwao ni wapi; jibu lingetoka kwa Kiswahili, au kwa Kiha, au kwa lugha ya Liberia, na lugha tu ingetosha.

Magazeti yetu yana desturi yao katika jambo hili, na wachunguzi wa mitindo ya lugha wangeweza kuikusanya. Chini ya picha ya mtu wa Temeke avukaye maji, au wa Manzese asukumaye mkokoteni, utasoma kwamba ni mkazi wa jiji ambaye jina lake halikufahamika mara moja. Nimeyasoma maneno hayo kwa miaka mingi nisiyaone. Sasa kila niyakutapo jicho langu husimama penye mara moja.